Firigisi

Tangu Jumatano pikipiki inakohoa.
Nikiipandisha Kibosho inapaliwa kama mtu aliyemeza mfupa,
nikiishusha inashtuka, inazimika getini kwa wateja,
na plagi nikiitoa ni nyeusi tii.
Wenzangu kijiweni wakasema: Elifuraha,
mji wenyewe tayari unaitwa Moshi,
hauhitaji msaada wako.

Jumapili. Fundi kafunga, kaenda ubatizo Machame.
Nikatandika gunia barazani, hapa Pasua,
nikafunga koki, nikalegeza klempu,
nikaivua kabureta
kama unavyomvua shati mtoto aliyelala:
taratibu, mkono mmoja kwanza.

Nikaazima sinia la kupembulia mchele. Sikuomba.
Kikombe cha chini nikakifungua, kikanimwagia
yale ambayo kituo cha mafuta hakiandiki kwenye risiti:
maji, chembe za kutu, tope jekundu laini
kama uji wa ulezi uliosahauliwa.
Nikachomoa pini, floti ikatoka, sindano ikadondoka nayo.
Nikafungua jeti kubwa, kisha ile ndogo,
yenye tundu ambalo ukililenga juani
lazima uone mwanga.
Sikuona kitu.

Waya wa chuma haufai, unapanua tundu,
na tundu likipanuka ndiyo umefuga mlevi,
atakunywa mpaka akufilisi.
Nikachambua waya wa taa uliokufa,
nyuzi za shaba laini kama nywele, nikachagua mmoja,
nikapenyeza, nikazungusha, nikapuliza kwa mdomo.
Ladha ya petroli ikahamia ulimini.
Nikainua tena juani.
Nyota. Nyota moja, mchana, ndani ya shaba.

Nikageuka kuchukua kitambaa.
Narudi: sindano ipo, floti ipo, pini ipo,
jeti ndogo haipo.
Na pembeni, shingo imenyooka,
kuku mwekundu wa Mama Aikande
ananiangalia kwa jicho moja, kama karani wa benki.

Nani asingeamini? Shaba inang'aa kama punje ya mahindi.
Jeti mpya ni elfu tatu, ila maduka yamefungwa,
na saa tisa nina muuguzi wa kumpeleka zamu.
Kuku ni elfu ishirini na tano, maneno ni juu yangu.
Nililipa.
Maneno nikayapokea yote, bila chenji.

Nikachinja kwa mikono yangu ile ile ya petroli.
Manka akanyonyoa bila kusema neno,
kimya chake kina spana za namba zote.
Akapasua firigisi mbele yangu, juu ya ubao:
changarawe, kipande cha chupa ya kijani,
shanga ya bluu ya bangili yake iliyokatika Pasaka.
Jeti, hapana.

Akaiosha shanga, akaifunga pindoni mwa kanga.
Ndipo akanishika kiwiko,
akakigeuza kama anayekagua ndizi sokoni.
Hapo, kwenye grisi, imenata, imetulia:
jeti yangu, na tundu lake linaona kila kitu.

Nikarudishia vyote, cha mwisho kikatangulia.
Parafujo ya hewa nikaizungusha hadi ikagota,
kisha nikailegeza mzunguko mmoja na nusu,
nikasikiliza, nikaongeza robo kwa ajili ya Kibosho,
kule ambako hewa ni nyembamba na mafuta yanazidi.
Kiki ya kwanza, kimya.
Ya pili ikaitika, na mbwa wa jirani akaacha kubweka
ili asikie vizuri.

Jioni nyama ikatengwa.
Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba,
tangu babu, tangu babu yake babu.
Nilisogeza sahani yangu kidogo, nikangoja.
Manka akaitia chumvi, akaitafuna polepole,
akasema haina ladha ya petroli hata kidogo.