Kufa Mara Kumi na Moja

Babu Krševan alikufa mara kumi na moja
kiangazi kimoja, chini ya mlima Velebit,
na kila jioni akarudi nyumbani kwa miguu
akiuliza kama maharage yameiva.

Wajerumani walikuja na malori, na mkalimani wa Zagreb,
wakayatazama mawe yetu meupe, wakasema: Hii ndiyo Marekani.
Sisi hatukuwa na habari.
Tulidhani ni mawe tu, yaliyovunja majembe ya ukoo mzima.

Walitaka wanaume waliobabuka kwa jua.
Wakapata wachunga kondoo kumi na wanne,
wakawanyoa masharubu
(Bibi Stošija aliyalilia masharubu yale
kuliko alivyokuja kumlilia mwenyewe),
wakawapaka rangi ya matofali,
wakawavika nywele za mkia wa farasi.

Kuanguka kwa miguu: dinari elfu mbili.
Kuanguka toka mgongoni mwa farasi: elfu tano.
Kuanguka toka jabalini hadi mtoni, hakujitokeza mtu
ila Babu, aliyeuliza kwanza kama maji ni ya baridi.

Kufa kufaana, walisema wahenga,
nao hawakuwahi kuona mambo haya:
kifo cha tatu kilinunua jiko la chuma,
cha saba, viatu vya mama yangu,
cha tisa kilifuta deni dukani kwa Šarlija.
Cha kumi kilinywewa chote.
Hicho nyumbani hakitajwi.

Mwaka uliofuata picha ikaletwa Starigrad.
Shuka ilitundikwa kwenye ukuta wa ghala la chumvi,
na bura, upepo ule unaoshuka mlimani kama mdai,
ukaivuta huku na huku:
majabali yakapepea, farasi wakakunjamana,
na kijiji kizima kikakaa kwenye masanduku ya samaki
kungojea kujiona kinakufa.
— Yule mimi!
— Wewe wapi? Yule Grgur. Wewe ulishakufa zamani.

Zamu ya Babu ilikuwa sekunde nne.
Yuko chali, mshale kifuani, mdomo wazi kama alivyofundishwa.
Nzi akatua puani pake.
Na maiti akainua mkono, akamfukuza.

Mwongozaji hakuona,
au aliona, na ukanda ulikuwa umekwisha.
Walicheka mpaka fundi mitambo akazima,
akarudisha nyuma, akamfufua Babu,
akamuua tena.

Baadaye vilikuja vita vyenyewe. Sitavisimulia.
Pale farasi walipokuwa wakigeuzwa
paliwekwa vibao vyekundu vya fuvu,
na kondoo, wasiojua kusoma,
waliendelea kupita.

Hospitalini Zadar, siku ya mwisho,
alimshika nesi mkono: Niangukie upande gani?
Nesi akadhani homa imepanda, akavuta pazia.
Bibi akalirudisha pazia, akainama sikioni:
Kushoto, Krševan. Kamera iko kushoto.
Akageuza kichwa kushoto.

Mwaka huu nimekwenda Zagreb, kwenye hifadhi ya filamu,
chumba cha chini, baridi ya kuvalia koti mwezi wa Julai,
na harufu ya siki, maana ndivyo picha zinavyooza.
Dunja, mwenye glavu nyeupe na mafua,
aliweka ukanda mezani, akauzungusha kwa mkono.
Sekunde nne ni picha tisini na sita.
Katika sabini Babu ni maiti kamili,
hana ila, ungemfumba macho.
Ya sabini na moja, kidole kinaachana na jiwe.

Nikamwambia: Simamisha hapo.
Akasema haifai, taa inaunguza ukanda.
Akapiga chafya. Akasimamisha.
Nzi alikuwa bado hajaruka.