Swichi ya Taa

Kila tofali la nyumba hii nalijua kwa bei yake.
Ukuta wa jikoni ni Krismasi mbili bila likizo.
Bati la paa ni yule mzee wa kwanza, aliyefariki Machi
akiwa hajanilipa Februari.
Na choo cha ndani, chenye vigae vya kijani
alivyochagua Zauri bila kuniuliza,
hicho ni mgongo wangu.
Lakini usiku wa kwanza nilipapasa ukutani kama mwizi,
juu, chini kidogo, juu tena,
hadi Keto akaja akainama, akaniwashia.
Usawa wa kiuno! Fundi gani huyu, nikauliza,
alikuwa amelewa?
Hakuna aliyenijibu.

Mlangoni nako nilikuwa nimebisha hodi.
Kwa Kiitaliano.
Keto alicheka, kisha akaacha kucheka.

Miaka kumi na mmoja Bari, ghorofa ya nne, lifti mbovu,
nikimgeuza Bi Addolorata ubavu hadi ubavu,
saa saba, saa tisa na nusu, saa kumi na mbili,
ngozi yake isije ikachubuka.
Wanawe walikuja Jumapili na keki ndani ya boksi la utepe,
wakaita tangu ngazini: mamma!
Nami kila mara moyo ulinidunda bure,
kwa kuwa katika lugha yetu ya Kijojia mama ni baba,
na aliyekuzaa ni deda.
Wao waliita mama yao, mimi nikamwona Zauri
amesimama na sufuria, Zestaponi, mvua ikinyesha.

Nimerudi, nimekuta lugha haikukosea.
Zauri ndiye ajuaye kwamba Keto hali vitunguu,
ndiye aliyejifunza kusuka nywele kwa kamba ya viatu,
ndiye ajuaye jino la Levani lilivunjikia wapi
na chumvi inakaa wapi.
Chumvi! Niliisogeza karibu na jiko, mahali pa chumvi.
Asubuhi nikaikuta juu ya rafu.
Nikaisogeza. Ikarudi.
Hatujasemezana neno. Twapigana vita vya chumvi
kwa adabu, kama wakwe.

Levani ana miaka kumi na saba, na mezani
huongea na sahani yake.
Simuni alikuwa kasuku: mpira, mwalimu wa fizikia,
paka aliyezalia kwenye sanduku la zana.
Jumanne usiku simu yangu iliita, na picha yake.
Alikuwa chumba cha pili.
"Deda, umekula?"
"Nimekula. Tulikula pamoja."
"Najua."
Akanyamaza, kisha akafunguka, saa nzima,
kuhusu msichana wa Terjola, kuhusu vifurushi vyangu,
jinsi alivyowagawia marafiki tambi zote
kwa sababu zilinuka nyumba ya watu.
Sauti yake ilinifikia mara mbili,
kwa simu na kwa ukuta.
Ya ukutani ilitangulia.

Saa tisa na nusu mwili huniamsha wenyewe.
Jana, kabla akili haijafika, mkono wangu mmoja
ulikuwa chini ya bega la Zauri, mwingine nyongani,
moja, mbili, na kumgeuza.
"Mimi si mgonjwa," alisema gizani.
"Samahani."
Bomba la choo cha kijani lilidondosha, tone, tone.
Nikadhani amelala.
"Fundi hakuwa amelewa," akasema.
"Keto alikuwa na miaka minne.
Alikuwa akiamka usiku kukutafuta,
na swichi ilikuwa juu."

Sikuwa na la kusema kwa lugha yoyote.
Nikaacha mkono pale ulipokuwa,
chini ya bega lake, ukifa ganzi.