Shilingi Arobaini

Hesabu za Machi zimekataa kulingana.
Arobaini. Shilingi arobaini tu,
bei ya mandazi manne ya Mutheu wa nambari kumi na saba,
nazo zimejificha katika mistari elfu tatu,
nami naziandama tangu Jumamosi
nikiwa na shati la pasi juu, kaptura ya kulalia chini,
maana kamera haishuki kiunoni.

Msinihurumie mapema. Kuna utamu humu.
Kuna saa ambapo namba hufunguka kama njugu,
moja ikiita nyingine,
na mwili huniaga taratibu bila kunisumbua:
mguu hufa ganzi, chai huvaa utando,
mvua ya Zimmerman huzinyeshea nguo zangu pale roshani
nami naisikia kama habari za nchi ya mbali.

Kule Upper Hill alikuwapo Okumbe wa kunigusa bega:
"Wewe, tumbo si la kampuni. Twende tukale."
Hapa meza ya kazi ndiyo meza ya kula,
kitanda kiko hatua nne, nimezihesabu,
na siku haina mlango wa kutokea.

Jumatano ilikuja fomu kutoka kwa afisa wa wafanyakazi:
kwa kipimo cha moja hadi tano, u mzima kiasi gani moyoni?
Nikaweka nne.
Tano ingeonekana uongo, tatu ingeleta simu.
Nne haiulizwi kitu.

Saa saba na dakika kumi usiku nilizinasa.
Hamsini iliyoandikwa kumi. Kidole changu mwenyewe.
Nikacheka kwa sauti, na sauti ikanitisha,
ilikuwa na kutu ya siku tatu.
Saa hizo Mutheu huwa anakanda unga,
basi nikagonga ukuta kama tulivyozoea:
mbili, njoo, kuna kitu;
tatu, nimechoka, lakini nipo.

Nikagonga mbili.
Nikagonga tatu.
Ukuta ukajibu kama chumba kitupu kijibuvyo,
ukinirudishia ngumi yangu ikiwa kubwa zaidi.

Asubuhi bawabu alikuwa anapiga deki ngazi, hakuinua kichwa:
"Huyo alihama Jumamosi. Si alikubishia?
Ukasema dakika moja."

Nilisema. Naukumbuka mdomo wangu ukisema.
Nilikuwa mstari wa mia tisa.

Siku tano sikuwa nimekishika kitasa changu kwa nje.
Kilikuwa kimebeba kichungi changu cha chai,
kile alichoazima Krismasi,
na ndani yake, kwenye gazeti,
mandazi manne, makavu kama vigae.

Nimekaa ngazini. Nimechovya moja kwenye chai baridi.
Linakataa, kisha linalainika pembeni.
Ndani kompyuta inalia: hesabu za Aprili zimefika.

Dakika moja, naiambia.