Saa Nne, Saa Tano, Saa Sita

Saa nne kwenye simu, chumba kipo.
Saa tano mwenye nyumba akauona ushungi wangu:
kimeshachukuliwa, mama, pole.
Saa sita akapiga jirani yangu Eluned.
Kipo. Njoo hata leo.

Miaka tisa hapa Caernarfon; jembe nilishapewa,
pa kulaza ubavu ndipo sina.

Mahakamani Eluned alisema Kiwelisi,
lugha aliyochapiwa bibi ya bibi yake darasani.
Mkalimani akahema kumfuata.
Mimi sikuambulia neno, ila kidole chake
kikigonga meza: nne, tano, sita.

Nchi ndogo hii, kwenye ramani waifunika kwa dole gumba.
Nje, mvua. Akanisogezea mwavuli,
upande usio na tundu.
Hukumu Alhamisi.