Kubisha

Nimelipa elfu arobaini, mtu mmoja, saa mbili nzima.
Sikutaka kikundi cha watu na simu zao.
Mghenyi alizihesabu noti, akazikunja ndani ya kofia,
akasema, "Basi leo mimi ni abiria. Shika wewe."

Nishike nini?
Kamba moja, nene kama kidole gumba. Yeye huiita demani,
neno alilorudi nalo kutoka Pangani
alikokuwa fundi seremala miaka tisa,
likakosa mtu wa kulisikia hapa Singida
mpaka alipochonga mashua hii nyuma ya nyumba, Mughanga,
majirani wakimuuliza: gharika ni lini?

Tanga ni magunia manane ya alizeti, yameshonwa mara mbili.
Chapa ya kinu imekaa kichwa chini, KILO SABINI,
na likijaa hutoa harufu ya mashudu.

Upepo naujua. Tumeishi pamoja miaka ishirini na sita,
mimi masijala, wenyewe dirishani.
Ndio ulionifanya niokote mawe kando ya ziwa hili,
madogo, ukubwa wa yai la kanga,
nikayalaza juu ya mafaili:
jiwe juu ya uhamisho, jiwe juu ya mirathi,
jiwe juu ya barua zisizojibiwa.
Dirisha la kaskazini nililigongea msumari mwaka wa kwanza.
Sikujua kuna watu huufungulia.

"Legeza!" Nikavuta.
"Vuta!" Nikaachia yote.
Mashua ikalala ubavu kama mbuzi anayegoma mnadani,
maji yakanipiga mdomoni, magadi matupu,
heroe wakanyanyuka wote kwa pamoja,
shuka la waridi linakung'utwa,
na Mghenyi, mbegu za alizeti kiganjani, hakuinuka.
Akatema ganda.
"Sasa umeanza."

Tukaambaa na mji. Sikuwahi kuuona kutoka huku,
ulivyolipa ziwa mgongo:
kamba za nguo za hosteli, tangi la msikiti,
majabali yaliyopandana kama shehena isiyo na mwenyewe,
mtoto anayesugua sufuria kwa mchanga; akanipungia sufuria.
Kisha jengo letu, rangi ya samli iliyokaa.
Nikahesabu madirisha. La tatu, lile la msumari.
Dogo.
Nilidhani ni kubwa zaidi.

Kurudi ndiko kazi. Upepo ulitoka kulekule tunakokwenda.
"Hapa," akasema, "inabidi kubisha."
Nikamwambia mimi si mtu wa kubisha.
Walipompa mtoto wa juzi kiti changu, nilisema sawa.
Shemeji alipokuja na karatasi ya kiwanja cha Mandewa,
arobaini ya marehemu, chai haijapoa, nilisema sawa,
nikamtafutia hata kalamu.

Hakunipa pole. Alikuwa anatazama pembe ya tanga.
"Ukiuendea uso kwa uso, utakurudisha.
Ukiupa mgongo, utakupeleka unakotaka wenyewe.
Upe bega. Hili. Haya, sasa hili."

Bega la kulia, kuelekea majabali.
Inama, foromali ipite juu ya kilemba.
Bega la kushoto, kuelekea mji.
Kila mara niliona hatusogei,
na kila mara lile jiwe lenye mavi meupe ya mnandi
lilikuwa limebaki nyuma kidogo.
Mara kumi na moja. Nilizihesabu; mimi ni mtu wa masijala.

Viganja vimechubuka. Mghenyi akavipaka asali,
akanirudishia elfu tano: "Umefanya kazi yangu."
Nikakataa. Akasisitiza.
Nikakataa tena, kwa sauti,
hadi heroe waliokwisha kutua wakageuza shingo.

Jiwe moja nimelitia mfukoni, silo la mafaili.
Jumatatu, kabla ya kazi, nitapita Mandewa.
Geti la shemeji ni la bati, lina mlio mkubwa.
Nitabisha.