Fungua Mdomo

Miaka kumi na tisa nimesimama kulia kwa kiti,
Quezon City, ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate,
nimeshika mrija unaonyonya mate ya watu,
nikiwaambia: fungua mdomo, pumua kwa pua.
Jumanne, Boracay, kijana aitwaye Rodelio
akanivika miwani ya maji, akanipa mpira niung'ate.
"Sahau pua," akasema. "Pumua kwa mdomo."
Nikacheka, na bahari ikaingia.

Dada yangu Perlita alikuwa akipiga picha tu.
Safari alilipa yeye, riyali za Jedda zilizogeuzwa peso,
na alikuwa ameapa halowi nywele
alizozinyoosha juzi kwa riyali nyingine.

Nikalala kifudifudi juu ya maji.
Sikusikia kitu ila pumzi yangu mwenyewe,
haa, hoo, haa, hoo,
pumzi ya mgonjwa aliyekwisha iona sindano.
Namjua mgonjwa huyo.
Nilitamani kumshika mkono.

Kisha kofia. Kofia gani!
Chuma na kioo, pana kama sufuria la harusi,
wanaume wawili wanaibeba wakiguna
mpaka maji yanifike mabegani, ndipo wanaiachia,
na uzito wote ukaondoka
kama deni aliyekudai akisema, basi, yaishe.
Ngazi. Daraja la tatu, la tano, masikio yakabana.
Nikapitisha mkono chini ya kofia, nikaziba pua, nikapuliza,
na pale, bahari ikiwa juu yangu urefu wa nyumba,
nikagusa shavu langu:
kavu.

Nilitembea. Ile si kutembea,
ni mtu anayevuka sebule usiku wa manane
asitake kuamsha watoto.
Kiti cha pweza, buluu, kimejinyoosha mchangani
kama kimelipiwa likizo nacho.
Akapita pono, kijani, meno yameungana
yakawa mdomo wa kasuku,
akalimega tumbawe, kra, kra
(huyu, nikasema moyoni, hajapata kung'olewa),
akaogelea hatua mbili, akanya mchanga mweupe,
ule ule watu wanaoulalia ufukweni na kuusifia.
Nikacheka peke yangu humo ndani
mpaka kioo kikashika ukungu.

Nikamwonyesha Rodelio kidole gumba: safi kabisa!
Akanishika kiwiko, akaanza kunirudisha ngazini.
Nilikuwa nimesahau somo la asubuhi:
huku chini, gumba juu maana yake nitoe.
Nikatikisa mikono, hapana, hapana,
nikafanya duara kwa vidole, duara la kuomba radhi.
Akatabasamu na mpira wake wa hewa mdomoni,
na ndipo nikaona
anauuma kwa upande wa kushoto peke yake.
Kazini kwetu mtu akiuma hivyo
hatusubiri picha ya eksirei.

"Umeona nini?" Perlita akaniuliza kabla sijavuliwa kofia.
"Jino," nikamwambia.

Rodelio akatazama kamba, akatazama injini.
"Si kitu, Aling Vilma. Msimu ukiisha."
Wote husema hivyo. Msimu, mshahara, harusi ya binamu.
"Ukizama linazidi?"
Akanyamaza. Kisha:
"Nazama mara tisa kwa siku."

Nikanawa kwa maji ya chupa, nikafuta mikono
kwa taulo lenye nembo ya hoteli.
Perlita, bila kuambiwa, akawasha tochi ya simu,
akasogea, wimbi likampiga, nywele za Jedda zikalowa chapa,
asiseme neno.
Boti ikiyumba, nikasimama kulia kwake.

"Fungua mdomo," nikasema.
"Pumua kwa pua."