Kituo cha Pili

Nilikuwa na karatasi iliyochapwa, ina na muhuri:
Mikindani kwa Siku Moja, Mila na Mapishi, vituo saba.
Saa mbili Boma. Saa tatu ming'oko, dakika ishirini.
Saa nne kinyago, kutoka gogo hadi msasa.
Saa sita pweza wa nazi. Saa nane ngoma
(vijana wanne, nauli nimeshatuma).
Saa kumi korosho, zinakaangwa kwenye debe lililotobolewa.
Saa kumi na moja picha, kwaheri.

Mgeni mmoja tu. Bibi wa miaka sabini na kitu,
kofia ya kitambaa, mkoba wenye mifuko kumi
na kila mfuko na zipu yake.
Ametoka Japani. Jina lake Tomoe.

Boma tulilimaliza. Nilimmwagia tarehe,
akaitikia kila moja kwa kichwa,
kwa adabu ile inayomfanya msemaji ajione mwongo.

Kituo cha pili, kando ya barabara.
Mwezi wa nane, mikorosho imepigwa salfa,
vumbi la njano limetua kwenye majani, kwenye ungo, kwenye kope.
Mama amekalia ndoo iliyopinduliwa,
ming'oko inafuka moshi, fungu mia tano,
chumvi na pilipili kwenye kifuniko cha kopo.

Nikakohoa, nikaanza: "Huu ni mzizi wa porini..."
"Anaitwa nani huyu?" mama akanikata.
"Tomoe."
Alicheka mpaka ndoo ikayumba.
"Mimi Somoe! Basi huyu somo yangu,
wametuharibia herufi moja tu.
Kaa, somo. Nandonde, mpishe somo yangu."

Nikapisha.
Nikajaribu kumfasiria mgeni: somo, mtu wa jina lako;
somo, kinachofundishwa darasani;
somo, yule anayemfunda mwali ndani...
Nilipoinua macho hakuna aliyekuwa ananisikiliza.
Somoe alikuwa ameshika kidole cha Tomoe, anakielekeza:
bana ncha, minya, ganda livue lenyewe, chovya.

Akala mmoja. Akala wa pili.
Kisha akaokota kijiti, akachora vumbini
mlima, mtu, shimo, na ndani ya shimo
mstari mrefu uliopinda kuliko yule mtu.
Baba yake, akasema, nami nikafasiri:
kwao nako kuna kiazi cha mwitu,
baba alikichimba kutwa, kimoja tu,
na siku kikimkatikia
alirudi nyumbani hasemi na mtu.

"Mwambie jana mimi imenikatikia miwili," akasema Somoe,
"na mimi nilisema. Nilisema sana."
Akarudia alichosema.
Nilifasiri yote isipokuwa hapo.
Hapo Tomoe alicheka kabla yangu.

Saa nne ikapita. Mchongaji akapiga simu.
Saa sita ikapita, pweza wakapoa.
Akaja kijana wa bodaboda, anataka fungu moja, upesi,
na aliyemuuzia ni Tomoe:
mia tano akaipokea kwa mikono miwili, akainama.
Kijana akatazama kushoto, akatazama kulia,
akavua helmeti,
naye akainama.

Jua lilipohamia upande wa kivuko, ungo ulikuwa mtupu.
Nikamhesabia Somoe elfu kumi, malipo ya kituo.
Akanirudishia elfu mbili.
"Ya nini?"
"Mwenzangu kafanya kazi. Mpe ujira wake."

Nikaanza kueleza kwamba mgeni ndiye analipa,
kwamba utaratibu...
"Mpe, Nandonde."

Nikampa. Akainyoosha ile noti juu ya goti,
akaikunja mara nne,
akapita zipu ya kwanza, ya pili, ya tano,
akafungua ile ya ndani kabisa.

Simu yangu inaita.
Vijana wanne, na ngoma,
wanauliza tumefika wapi.